Mkono Ule Ule wa Kushoto

Ndugu zangu, acheni kwanza kujipepea na hizo karatasi za matangazo, mnisikilize. Joto tunalo wote, na habari yangu ya leo chanzo chake ni jua hilo hilo.

Palikuwa na mama mmoja, muuza dagaa, mwenye binti wa miaka tisa aitwaye Nyamizi. Mtoto alikuwa na seli mundu. Mliouguza ugonjwa huo mnaujua: asubuhi anacheza, mchana mifupa inamuuma mpaka analia bila sauti. Wiki mbili alikuwa kalazwa, uji hataki, kuinuka hataki.

Basi pakaandaliwa msafara wa baiskeli wa kuwachangia watoto wenye ugonjwa ule. Kila mwendeshaji angevaa fulana yenye jina la mtoto mmoja mgongoni, afike hospitali, ampakie mtoto wake na kumzungusha uwanjani raundi moja. Nyamizi aliposikia kuna mtu atavaa jina lake, akainuka kitandani mwenyewe. Akaomba asukwe nywele! Mama yake akalia kwa furaha, akasema, na mimi sikai bure, najitolea.

Wakampanga njia panda. Pale barabara itokayo mjini inagawanyika: moja inapanda hospitali, nyingine inateremka mnadani, kwenye ng'ombe. Mratibu, dada mmoja mwenye haraka zake, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, uso kwa uso na watakaokuja, akampa kibendera.

"Mama, hapa hatukuchora mshale. Mshale ni wewe. Wakija, nyoosha mkono wa kushoto."

Mama akashtuka. "Wa kushoto, mwanangu? Niwaonyeshe watu wazima njia kwa mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, wa kushoto."

"Kushoto kwangu au kushoto kwao?"

Dada akaangalia saa. "Mama yangu, usijichoshe. Kaa hivi hivi nilivyokukalisha, mkono wa kushoto juu, basi." Akapanda pikipiki, huyoo.

Mama akabaki na mkono wake. Mmelelewa, mnajua: mkono wa kushoto haupokei kitu, hausalimii mtu, haumwonyeshi mgeni njia. Kila alipofanya mazoezi, wa kulia ulitangulia. Akauinua wa kushoto, akauona kama wa mtu mwingine. Mwisho akaufunga wa kulia kwa ncha ya kanga, akapiga fundo. Mnacheka! Yeye hakucheka. Alikuwa anajisemea kama mtoto aliyetumwa dukani: kushoto, kushoto, kushoto.

Saa zikaenda. Jua likapanda, likamlenga usoni mpaka machozi yakamtoka. Akafanya nini? Angefanya nini mwenzenu? Akainuka, akakigeuza kiti, jua likabaki mgongoni. Hata dakika haikuisha. Akashusha pumzi, akaendelea: kushoto, kushoto.

Mara nyuma yake kengele, kengele, kengele! Mama akanyoosha mkono wa kushoto. Wa kwanza wakapita, wakakata kona, wakaufuata. Akapita kiongozi wa kwaya. Mkono wa kulia ukafurukuta ndani ya kanga, mama akaukatalia. Akaja baba mkwe wake, na baiskeli yake kuukuu. Aibu iliyoje! Mzee akapunguza mwendo, akatazama juu hospitali, akautazama mkono wa mkwewe, akatazama tena hospitali. Akachanganyikiwa. Lakini angembishia nani? Mama wa mgonjwa? Akaufuata mkono.

Mtaniuliza, mchungaji, huyo mama hakuiona barabara? Angeiona saa ngapi? Akili yake yote ilikuwa mkononi.

Ndipo akaiona fulana. Mgongoni, kwa herufi kubwa: NYAMIZI. Mama akapiga vigelegele. "Huyo! Huyo ni wa kwangu! Kaza, baba, mtoto anakungoja!" Kijana akapunga mkono, akateremka kwa kasi. Wakateremka wote.

Wa mwisho alipopita, mama akajitwika kiti, akapanda hospitali kwa madaha. Kufika getini, hakuna baiskeli hata moja. Viti vya watoto vitupu. Akasimama hapo. Wameingia ndani? Wameshaondoka? Au siku siyo leo? Akaingia wodini, akamkuta Nyamizi kageukia ukuta, na zile nywele zake zilizosukwa. Muuguzi akamwambia wamengoja mpaka jua limekuwa kali, watoto hawa jua hawaliwezi, wamerudishwa vitandani.

"Mama, hawakuja."

"Wamekuja, mwanangu! Nimewaona kwa macho yangu haya. Jina lako nimelisoma!"

"Sasa wamekwenda wapi?"

Hapo hapo akaingia yule dada, vumbi mwili mzima. "Mama, watu wako mnadani wanapishana na ng'ombe! Ulinyoosha mkono gani?"

"Wa kushoto! Wa kulia niliufunga. Fundo hili hapa, tazama!"

Kweli, fundo lilikuwa halijafunguliwa. Dada akalitazama, naye akapotewa. Mkono ndio wenyewe. Kisha akauliza polepole, "Na kiti, mama? Ulikaa nilivyokukalisha?"

"Jua lilikuwa usoni, nikakigeuza kiti..."

Nyamizi akageuka kutoka ukutani. "Kwa hiyo, mama, ni wewe uliyewapeleka huko?"

Ndugu zangu, najua mnataka niwaambie walirudi. Sijui. Habari yangu inaishia kitandani pale, na swali lile. Kumpenda mtoto, alimpenda. Kutii, fundo ni shahidi. Alipigana na mkono wake asubuhi nzima, na mkono haukumwangusha.

Na sisi je? Tunalinda fundo! Nyimbo zetu ni zile zile, sala ni ile ile, amina zile zile tena kwa sauti. Mtu akituuliza, tunamwonyesha mkono. Lakini ipo siku Neno lilituchoma usoni, nawe unaijua siku yako, usiangalie jirani. Hukuacha kanisa. Hukugombana na mtu. Ulisogeza kiti kidogo tu, ukakaa vizuri, ukaendelea kuelekeza watu. Na watoto wetu wanatokea nyuma yetu kwa kasi, wanaufuata mkono, na sisi tunawapigia vigelegele.

Ninyi si wa kwanza kuulizwa; wa kwanza ni mimi. Nilikuwa nataka kufunga kwa baraka, mkono huu niuinue kama kila Jumapili. Leo nipeni dakika. Kaeni kimya, nami nikae kimya, niangalie kwanza nimeelekea wapi.