Mtoto Aliyesubiri Gari Lijifunze

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, ni hii ya juzi tu, magari yalipokwisha kuwa na akili zao, aliishi mwanamke mjamzito aitwaye Sekela, yeye na mumewe Lusajo, juu mlimani Rungwe. Mkunga alikuwa amempima akamwambia, "Mtoto amekaa vibaya, mwanangu. Huyu asizaliwe nyumbani. Uchungu ukianza tu, nenda hospitali."

Uchungu ukaanza siku ya soko, mvua inanyesha. Magari yote yalikuwa yameteremka mjini. Lilibaki moja, la Mama Subilaga muuza ndizi, nalo lilikuwa kwa fundi Andulile.

Andulile alikuwa amemaliza kusafisha mahali injini inapovutia hewa. Akachomoa waya wa betri, akaurudisha, akaliwasha. Akamwambia Mama Subilaga, "Humu mna kompyuta. Ilikuwa imezoea uchafu, sasa nimeisahaulisha yote. Liache liungurume lenyewe, muda wa kuchemsha chai. Mtu asikanyage mafuta. Linajifunza upya." Kisha akaenda kunawa, maana kwaya yake ilikuwa inamngoja harusini.

Lakini kwetu, gari likitoka kwa fundi, kila mwanaume anayepita lazima alipige resi, ndipo aamini kuwa limepona. Lusajo akafika mbio, Sekela nyuma yake amejishika kiuno. Mama Subilaga akamwinua Sekela akamwingiza garini, yeye akapanda kando yake. Lusajo akashika usukani, na kabla Mama Subilaga hajamkataza, akakanyaga mafuta, vuum, vuum.

"Limepona," akasema. "Twende."

Hawakufika mbali. Mbele ya kanisa aliinua mguu, gari likazima. Akawasha, likawaka. Akainua mguu, likazima.

Andulile akaja anakimbia, amevaa shati jeupe la kwaya.

"Ulilipiga resi?"

"Kidogo."

"Kidogo ya nani? Nimekusikia nikiwa bafuni. Limejifunza vibaya. Na hapo mbele ni mteremko. Injini ikizima pale, breki na usukani vinakuwa vigumu, mnateremka kama gogo."

Lusajo akashuka. Sekela akasema polepole, "Fundi, mwanangu yuko humu."

Andulile hakuuliza habari za harusi. Alifungua boneti, akavua shati lake jeupe, akalitandaza juu ya betri lizuie mvua, akaanza upya. Akachomoa waya, akangoja, akaurudisha. Gari likawaka.

Mama Subilaga naye alikuwa ameshusha ndizi zake zote, mikungu aliyoahidi kupeleka sokoni, akaiacha kwenye matope ili Sekela apate pa kujilaza. Akahamia kiti cha dereva, akakunja miguu yote miwili juu ya kiti.

"Mbona umekaa kama uko mkekani?" Lusajo akauliza.

"Mguu wangu mwenyewe siuamini. Wako ndiyo kabisa."

Wanaume wakaja. "Mama, kanyaga kidogo tusikie."

"Nendeni mkakanyage udongo wa matofali," akawajibu.

Mkono mmoja aliunyoosha nyuma, Sekela akaushika. Kila uchungu ulipokuja, Sekela aliuminya. Vidole vikavimba; Mama Subilaga hakuuondoa mkono. Gari likaunguruma, likatetemeka, likatulia.

"Sasa," fundi akasema, "linataka mtu wa kuliendesha bila kulishtua, mpaka lizoee."

Watu wote wakamgeukia mzee Ambakisye, aliyekuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza cha kanisa. Zamani aliendesha trekta la shamba la chai, na kijiji kizima kilimwita Kobe. Hata kuku, walisema, humpita akageuka kumsalimu.

"Leo mmenikumbuka," mzee akasema, akapangusa viatu, akapanda.

Wakaenda. Pikipiki zikawapita zikipiga honi. Darajani mbuzi wakakaa njiani, mzee akawangoja.

"Baba, kimbia kidogo," Lusajo akaomba.

"Nikikimbia tutafika tumepungua. Tulia, mwanangu."

Katikati ya mteremko injini ikatetemeka, ikataka kufa. Mzee hakushtuka. Aligusa mafuta kwa unyayo, polepole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, injini ikarudi. Wakafika. Madaktari wakampokea Sekela, wakampasua, mtoto akatoka analia kwa nguvu. Msichana. Mama mzima, mtoto mzima.

Kwetu, anayemfikisha mama salama ndiye humpa mtoto jina lake, na majina yetu mengi hayachagui msichana wala mvulana. Basi Sekela aliporudi nyumbani, watu wakaja na maziwa na ndizi. Akasema, "Jina ni moja. Semeni."

Andulile akasema, "Bila mimi lingebaki bovu. Mimi ndiye niliyelifundisha, mara mbili, na harusi sikuiona."

Mama Subilaga akasema, "Bila mimi wangelipiga resi tena, fundi angefundisha mpaka kesho. Gari langu, ndizi zangu, na vidole hivi hapa, bado simegi ugali vizuri."

Mzee Ambakisye akasema, "Bila mimi lingezima mteremkoni. Nyinyi mlilifundisha kusimama. Mimi nililifundisha kutembea."

Lusajo akakohoa. "Na mimi? Nisingelizima pale kanisani, mzee mngempata wapi?"

Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Sekela akampakata, akawatazama mmoja mmoja. Alilikumbuka shati likiloa juu ya betri, mkono uliokubali kuminywa, na unyayo ule mwepesi. Akamnyonyesha, jina hakulitaja.

Mpaka leo anaitwa Mtoto tu, na sasa ameanza kutambaa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, mpakateni kidogo: mngemwita Andulile, Subilaga au Ambakisye? Je, nani alistahili?