Makufuli Matatu Barazani kwa Bi Mkasi

Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya asali akagonge mlango wa jirani. Yangu mimi ina shubiri, na leo kila mtu ataonja.

Pembezoni mwa mji wa Tanga, mtaa wa Kwabada, baiskeli ndiyo miguu ya watu. Alfajiri kengele zinashindana na majogoo. Baba kampakia mtoto mbele na mkewe nyuma, binti kakunja buibui lake lisinaswe na spoku, mwalimu kafunga madaftari kwenye keria. Magari hayafiki huko. Daraja la mto lililiwa na mvua za masika, ukabaki ukanda mwembamba wa zege unaopitisha baiskeli moja moja.

Hapo ndipo alipoishi Bi Mkasi, mjane aliyefumbwa macho na mtoto wa jicho kwa miaka minne. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, Hemedi, alijaliwa miguu: alikuwa akipanda kilima cha Kwabada na gunia mgongoni, huku anapiga mluzi. Wa pili, Mwanaheri, alijaliwa mikono: baiskeli ikipita nje, yeye ndani anasikia tu, anajua inaumwa wapi, na akiishika inapona. Wa tatu, Kombo, alijaliwa ulimi: angeweza kumbembeleza mbwa mpaka akaachia mfupa. Na neno la Kombo watu waliliamini, maana alikuwa haapi ovyo.

Watoto watatu, baiskeli moja. Ilikuwa ya marehemu baba yao, nyeusi, ya fremu nzito na keria pana. Hemedi aliitaka, kwa sababu alikwenda kiwanda cha chokaa kwa miguu. Mwanaheri aliitaka, kwa sababu mapacha wake walitembea mpaka ng'ambo ya mto kwenda shule, wakifika wanasinzia darasani. Kombo aliitaka, kwa sababu aliuza mikate ya tajiri mmoja akiibeba kichwani. Na wote watatu walitoka saa ile ile moja, kila mtu njia yake. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia wangeitumia kwa zamu.

Asubuhi moja, saa nne imeshapita, jirani akaja mbio. Hospitali ya mjini kuna madaktari wa macho kutoka mbali, leo ndiyo siku ya mwisho, na orodha inafungwa saa sita kamili. Watoto wakamwinua mama yao, wakamkalisha kwenye keria. Hemedi akashika usukani. Mwanaheri na Kombo wakaazima baiskeli ya jirani, wakapakizana, wakafuata nyuma.

Bi Mkasi moyo ulikuwa unamwenda mbio. Miaka minne hajaiona sura ya mtu. Akasema, bila kupima:

"Wanangu, baiskeli ya baba yenu haigawanyiki. Atakayenifikisha kwa daktari, ndiyo yake."

"Mama, wewe shika vizuri tu," akacheka Hemedi.

Wote wakacheka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani anayekumbuka hilo akiwa na haraka?

Hemedi akakanyaga. Mchanga ulikuwa mwingi na upepo ulikuja usoni. Bi Mkasi hakuona kitu, ila aliisikia pumzi ya mwanawe, na baada ya kilima akasikia goti lake likilia kama kijiti kinachovunjika. Goti lile gunia la chokaa lilikuwa limeliumiza wiki iliyopita, na Hemedi aliambiwa apumzike. "Shuka kidogo, baba, upumue," mama akamsihi. "Nikishuka sipandi tena, mama. Nishike kiuno." Akakanyaga mpaka darajani, na goti likavimba likajaa suruali. Tangu siku ile Hemedi anachechemea, na kilima cha Kwabada hakipandi tena akipiga mluzi.

Darajani tairi la nyuma likapasuka, pwaa! Mwanaheri akaruka kutoka baiskeli ya pili. Akapapasa: tundu lilipitisha kiganja kizima, hapo hakuna kiraka. Bi Mkasi akasikia kitambaa kinachanika, akanusa udi. "Mwanaheri, hiyo si kanga ya harusi yako?" "Ni kitambaa tu, mama." Akaishindilia ndani ya tairi vipande kwa vipande, akalifunga tairi kwa mikanda aliyoichana, akikaza kwa meno na vidole. Chuma cha gurudumu kikamkata mpaka kwenye mshipa, naye hakusema. Baiskeli ikaondoka. Tangu siku ile vidole viwili vya Mwanaheri havikunjuki, na spana ikimponyoka anatazama pembeni ili asionekane.

Kombo naye hakungoja tairi. Aliichukua ile baiskeli ya jirani akatangulia. Akamkuta karani wa hospitali anakunja karatasi: nafasi imebaki moja, mwenyewe asipokuwepo inafutwa. "Mama yangu yupo hapo nje ya lango," Kombo akasema. "Apa," karani akamwambia. Watu walikuwa wengi, wanamtazama. Kombo akaapa kwa kaburi la baba yake. Kisha akaongea, akabembeleza, akachekesha, akalia, mpaka nusu saa ikapita na Bi Mkasi akaingizwa langoni, jasho la Hemedi limemlowanisha kifuani. Lakini kwenye foleni ile alikuwemo tajiri wa mikate. Siku ya pili yake akamwambia Kombo, "Kijana anayeapa uongo kwa kaburi la baba yake, mikate yangu siwezi kumpa." Na Kwabada nzima ikapata habari. Siku hizi Kombo akisema mvua inakuja, watu wanatoka nje kuangalia wenyewe.

Bi Mkasi akapasuliwa jicho la kulia. Bandeji ilipofunguliwa, walimjia watu watatu. Akamjua Hemedi kwa mguu anaouburuta, Mwanaheri kwa kitambaa chenye damu mkononi, Kombo kwa kuwa alikuwa kimya. Akawakumbatia wote kwa pamoja. Akalia, nao wakalia. Walipofika nyumbani wakala kwenye sinia moja, na mama akawa anawatazama wakila, hata yeye mwenyewe akasahau kula.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa msimulizi mwenye huruma.

Siku ya tatu tangu warudi nyumbani, Bi Mkasi akaamka, akatoka barazani auone mwanga wa asubuhi. Akaiona baiskeli. Imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na kwenye mnyororo yananing'inia makufuli matatu: moja la shaba, moja la kutu, moja jipya linalong'aa.

"Nini hiki?" akauliza.

"Ulisema atakayekufikisha," akajibu Hemedi. "Nani alikanyaga? Goti langu liko wapi?"

"Ulikanyaga mpaka darajani, kaka," Mwanaheri akamkata. "Kutoka hapo mama alifikishwa na kanga yangu. Au ulimbeba mgongoni?"

"Mlimfikisha langoni, dada," Kombo akasema. "Kwa daktari alifikishwa na nani? Bila mimi mngelirudi naye vile vile, kipofu na mavumbi juu."

Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja aliisema ili imchome mwenzake.

Wiki zikapita. Sinia likawa sahani tatu, kila mtu na pembe yake. Hemedi alichechemea kwenda kiwandani, mapacha walitembea kwenda shule, Kombo alikaa kibarazani hana kazi. Ambaye angekuwa wa kwanza kufungua kufuli lake ndiye angekuwa ameshindwa, basi hakufungua mtu. Kuku wakaanza kulala juu ya keria.

Kisha jirani akamkumbusha, "Bi Mkasi, wale madaktari wa macho wanarudi. Keshokutwa ndiyo miadi yako ya jicho la pili."

"Siendi," akasema Bi Mkasi. "Jicho moja limenionyesha haya. La pili la nini?"

Maneno hayo yaliwafikia watoto, yakawauma. Jioni ya siku iliyofuata wakaja wote watatu, wakampa mama yao funguo tatu mkononi.

"Mama, kesho lazima uende," akasema Hemedi, macho chini. "Wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye utakayeamua. Fungua makufuli mawili, uache moja. Ambaye kufuli lake litabaki, baiskeli ni yake, na kesho yeye ndiye atakayekupeleka. Wengine hatutasema neno."

Bi Mkasi aliwajua wanawe. Hawatasema neno, kweli. Wala salamu.

Akaenda mpaka nguzoni. Alipokuwa kipofu, kwenye keria, hakuwa na shaka hata kidogo: pumzi ile ya Hemedi, udi ule wa Mwanaheri, sauti ile ya Kombo anayoisikia kwa mbali inamlilia karani. Kitu kimoja ndicho kilichokuwa kinampeleka. Sasa anaona, na anaona makufuli. Mmoja amepoteza goti kwa ajili yake, mmoja vidole, mmoja neno lake. Na cha kuwalipa ni baiskeli moja yenye kanga iliyooza tumboni mwa tairi.

Akaingiza ufunguo wa kwanza. Akautoa.

Nami namwacha hapo barazani, maana sina ujasiri wa kumshika mkono. Nyinyi mliosikiliza mnao. Msiniambie auze, msiniambie avunje yote, maana kesho kuna mama anayepaswa kufika hospitali, na nyuma yake watoto watatu wanaotazama. Funguo ni hizi, shika wewe. Ungeacha kufuli la nani? Na wale wawili utakaowafungulia, ungewatazama kwa jicho gani?