Kwa Nini Wa Kizamani Huitwa Mbuzije

Hapo kale, lori la mboga lilipokuwa bado halijapanda mlima wa Kwembula, hakukuwa na neno la kumcheka mtu wa kizamani, kwa sababu wote walikuwa hivyo. Watu wakikutana njiani walitua mizigo wakasalimiana: za nyumbani, za watoto, za shamba, na mwisho kabisa, "Na mbuzi je?" Adabu ilitaka majibu ya kwanza yawe mema. Mwenye shida aliisema alipofika kwenye swali la mbuzi.

Lori lilipoanza kuja, salamu zikafupishwa. Kabichi ziko kichwani, dereva hangoji mtu. "Salama?" "Salama," huyo keshapita. Aliyebaki na salamu ndefu ni Mzee Shemweta peke yake, akiwachelewesha watu mpaka wakawa wanamkwepa. Havijawa, mama kijana mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyembandika jina la Mbuzije, na kijiji kizima kikalidaka.

Asubuhi moja mtoto wa Havijawa aligoma kunyonya, mwili unachemka. Mumewe alikuwa safarini. Havijawa akambeba mgongoni, akatoka kutafuta msaada. Akakutana na jirani: "Salama?" Mdomo ukajibu wenyewe, "Salama." Akakutana na wifi yake, ikawa vilevile. Kila alipojikaza aseme, mwenzake alikuwa keshampa mgongo. Hofu ikamjaa.

Kwenye kona akamkuta Mzee Shemweta, jembe keshalitua.

"Za nyumbani, mwanangu?"

"Nzuri, baba."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Za shamba?"

"Nzuri."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi hawajambo, baba, ila mtoto wangu anakufa!" Havijawa akaangua kilio.

Mzee akapiga yowe. Wenye kabichi wakatupa mizigo wakaja mbio, na mtoto akapelekwa zahanati kwa lori lilelile. Akapona.

Na tangu siku hiyo, pale Kwembula, kila anayeng'ang'ania mambo ya zamani huitwa mbuzije. "Acha umbuzije wewe!" vijana huambiana. Lakini neno hilo lina sharti lake. Ukimwita mtu mbuzije, yeye hakasiriki. Anatua mzigo, anakuuliza salamu zote, nawe huondoki mpaka ujibu ya mwisho. Wengi huanza kujibu wakicheka. Wako wanaofika kwenye mbuzi wakaketi chini, wakaeleza shida zao.