Bi Sange na Mteremko wa Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama nao walipokuwa wakiamka asubuhi na kufagia nyua zao kama tunavyofagia sisi, alikuwepo Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija. Alikuwa na watoto wawili, wachanga kabisa. Shimo lake lilikuwa chini ya mteremko, na juu ya mteremko alikaa Mzee Nyati.

Sasa huyu Nyati alipenda uwanja mtupu! Kila asubuhi, fyau! fyau! Jani likichungulia tu, kang'oa. Alifagia uwanja, akafagia na mteremko mzima, ukabaki kipara.

Mvua ya kwanza ilipopiga, udongo ukaporomoka, poroporo, mpaka ndani kwa Bi Sange. Akachimba kwa mikono, akachimba kwa pua, akawatoa wanawe wakikohoa matope. Je, ikinyesha kubwa zaidi? Je, asipowahi? Hakungoja hata kujifuta, akapanda mbio.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Nyati!"

"Marahaba. Sema upesi, nafagia."

"Mzee, wanangu nusura wafukiwe! Tupande maua hapa mteremkoni, yale mafupi yanayotambaa, yanashika udongo. Peke yangu siwezi, mikono yenyewe ndiyo hii."

"Maua? Watu waseme Nyati mvivu, hafagii? Hama!"

"Nihamie wapi na vichanga?"

"Shauri yako."

Kiboko, rafiki yake Nyati, aliyekuwa barazani akinywa uji, akacheka mpaka ukamwagika.

Bi Sange akashuka analia. Mara akanyamaza. Alijua kitu kuhusu maua yale, na alijua kitu kuhusu Nyati: ukimwomba asifanye jambo, hilo ndilo atakalolifanya.

Akakimbilia kijitoni, akakata matawi ya maua, akayabeba mzigo baada ya mzigo, akayatandaza mteremkoni.

"Nani kanimwagia takataka?" Nyati akanguruma.

"Mimi, mzee, nimekosa! Yaokote uyaanike mwambani yakauke, sitasema neno. Ila nakusihi, usiyakanyage! Maua yangu jamani, usiyakanyage!"

"Ati nini? Unanipangia mimi pa kuweka miguu?"

Kri! Kra! Akayakanyaga. "Kiboko, njoo!" Kiboko naye, pu! pu! pu!

"Uwii! Basi pale konani msifike!"

Wakafika konani. Wakayavunjavunja, wakayashindilia kwenye matope, mteremko mzima.

"Umekoma?" Nyati akauliza akihema.

"Nimekoma, mzee," akajibu Bi Sange, uso kauficha.

Kesho yake Nyati na Kiboko hawakuweza kusimama. Miguu iliwavimba kwa kukanyaga, wakalala ndani wakikandwa maji ya moto, "Aii! Polepole!" Nje manyunyu yakaanguka siku hadi siku, na ufagio ukakaa pembeni.

Kisha ikaja mvua kubwa yenyewe. Bi Sange akawakumbatia wanawe, akatazama mlango. Maji yakapita. Akangoja udongo. Udongo haukuja!

Jua lilipotoka, Nyati akachechemea nje na ufagio wake. Lo! Mteremko wote maua, mekundu, ya manjano.

"Nani kapanda haya?"

"Wewe, mzee, na Mzee Kiboko," akasema Bi Sange. "Kipande chake kikishindiliwa matopeni, kinaota. Ahsanteni sana."

"Umenichezea!" Nyati akainua ufagio, ayang'oe yote.

Papo hapo akapita Bi Twiga. "Mashallah, Mzee Nyati! Uwanja gani huu? Kijiji kizima hakuna! Kaupanda nani?"

Nyati akamtazama Twiga, akamtazama Bi Sange. Taratibu akauficha ufagio nyuma ya mgongo, akakohoa.

"Aa... nimepanda mwenyewe. Kwa miguu yangu hii. Tafadhali, usiyakanyage."

Basi wanangu, hekaya inatufunza hivi: mdogo asiye na nguvu akitumia akili, hata ubishi wa mkubwa humfanyia kazi.