Kidevu cha Salme

Kizuri hakikosi ila. Methali hii hutukumbusha kwamba hakuna aliyeumbwa bila dosari, na kwamba anayehangaika kuifuta dosari yake huenda akajiongezea nyingine. Salme binti Kombo wa Shauri Moyo aliisikia tangu utotoni, lakini hakuiamini hadi mwaka wa 1954.

Mwaka huo alichumbiwa na Muhidin, dresa, mfunga vidonda, wa hospitali moja ya Mombasa. Hawakuwa wameonana. Walijuana kwa barua tu, na katika barua hizo shangazi yake Salme, Bi Muhiba, alimsifu mpwawe kuwa na uso kama mwezi wa kumi na nne. Salme aliposomewa sifa hizo alijitazama kiooni, moyo ukamdunda. Macho yalikuwa mazuri, ngozi laini kama hariri, ila kidevu kilikuwa kidogo, kimerudi nyuma kama kilichoogopa kitu.

Akamweleza jirani yake Msomali, Qali.

"Kwetu tunatafuna ubani mgumu," Qali alisema. "Mdomo ufunge, ulimi uubandike juu kwenye kaakaa, kisha utafune tangu adhuhuri hadi magharibi. Taya litajengeka na kidevu kitatokeza."

Salme akatafuna kwa wiki sita. Wiki ya nne taya lilianza kualika kama kijiti karibu na sikio. Ya tano, maumivu yakamnyima usingizi.

"Acha, mwanangu," Bi Muhiba alimwonya. "Mfupa wa mtu mzima si unga wa maandazi, uukande utakavyo."

"Zimebaki siku chache tu aje, shangazi," Salme akajibu, akatia kipande kingine kinywani.

Jumamosi ya wiki ya sita Muhidin aliwasili na ami yake. Kombo aliporudi kutoka msikitini aliwakuta wamekwisha kuketi, wanawake wakiwa bado uani, wakaamkiana vizuri. Nyuma ya pazia lililogawa chumba, Salme aliinua sinia la kahawa. Kwa uchovu wa kukesha, akapiga mwayo mrefu. Taya likachomoka. Mdomo ukabaki wazi, ukakataa kufunga.

Sinia likaanguka. Kombo alipofunua pazia alimwona bintiye akitokwa udenda, macho yamemtoka, sauti haitamki neno.

"Pengine ni jini," ami alinong'ona.

Bi Muhiba alianza kulia. Hospitali ilikuwa mbali, na jua lilikuwa linazama. Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Aliyekutwa njiani baada ya saa ya amri ya kutotoka nje alikamatwa bila kuulizwa anakwenda wapi.

"Taya limechomoka, Mzee," Muhidin alisema bila kuinuka kitini. "Nimewahi kuyarudisha. Likilala hivyo hadi asubuhi, misuli itakaza na itakuwa kazi kubwa."

"Binti yangu si mkeo bado," Kombo alijibu kwa ukali. "Hutamgusa."

Salme aliguna, machozi yakamtiririkia hadi ndani ya kinywa kilichoachama. Kombo alitazama dirisha lililokuwa likififia, kisha akamtazama bintiye.

"Haya. Lakini mimi na shangazi yake tutasimama hapa."

Muhidin alisita. Hatimaye akainuka, na wote wakaona alichokuwa amekificha kwa kukaa: mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, alichechemea kila hatua. Hata hivyo aliendelea hadi kwa Salme. Alinawa mikono, akaviringa vitambaa kwenye vidole gumba, akavitia kinywani mwa Salme juu ya magego, akakandamiza chini. Salme alipiga ukelele. Kombo akamshika kijana bega.

"Mara moja tu tena, Mzee," Muhidin alisema, jasho likimdondoka.

Akakandamiza, akasukuma nyuma. Taya likalia, likaingia mahali pake, na mdomo ukafunga.

Kisha Kombo akasema, "Hukutuandikia habari ya mguu."

Muhidin aliinamisha kichwa. "Nilihofia mtanikataa kabla hamjaniona."

Salme alikuwa ameficha uso kwa leso. Aliishusha polepole, akageuza uso ili Muhidin akione vyema kidevu chake kwa upande.

"Baba," alisema kwa shida, "sisi nasi hatukumwandikia habari ya kidevu."

Kombo alitaka kukasirika, akashindwa. Aliagiza kahawa nyingine, na usiku ule wageni wakalala kwake. Mwezi uliofuata ndoa ilifungwa papo hapo Shauri Moyo. Majirani walipomuuliza Bi Muhiba jinsi mwezi wake wa kumi na nne ulivyokubali kuolewa na kiguru, aliwajibu bila kuinua macho: kizuri hakikosi ila.