Pimbi Mtabiri na Tuzo ya Nta

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na milango, makufuli na majirani wa kuwasengenya, kulikuwa na sinema. Ndiyo, sinema! Wewe unayecheka huko nyuma, cheka umalize, halafu unisikilize. Hadithi hii inachekesha katikati tu.

Sinema yenyewe ilikuwa ndani ya pango. Kila siku saa nane mchana jua liliingia kwa tundu la juu, mwali mmoja mnyoofu, ukapiga ukuta mweupe wa mbele. Filamu zilitengenezwa kwa mabawa ya kumbikumbi: bawa moja, picha moja. Mabawa yalitungwa kwenye uzi, maelfu kwa maelfu, yakapitishwa kwenye ule mwali, fyuu-fyuu-fyuu, na picha zikatembea ukutani. Picha ziliingiaje kwenye bawa? Sijui. Nawaambia nilivyoambiwa, siongezi chumvi.

Lakini bawa la kumbikumbi ni kitu dhaifu. Likionyeshwa mara nne, mara tano, linapukutika. Ili filamu idumu, sharti ipakwe nta. Na nta ya Nyegere, mwenye mizinga, ilitosha filamu moja tu kwa mwaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa tuzo. Si kikombe, si taji. Iliyoshinda ilipakwa nta ikaishi miaka na miaka. Zilizoshindwa ziligeuka vumbi, basi.

Wahakiki waliochagua mshindi walikuwa wanne: Simba, ambaye ndiye mwenyekiti, Kifaru, Kiboko, na Bi Tembo. Nani aliwapa kazi hiyo? Makalio yao! Walijaza benchi la mbele, na nani angethubutu kuwaambia wasogee? Nyuma ya migongo ile, Sungura, Digidigi na Kanga waliona masikio na mikia tu. Sheria yao ilikuwa moja: uamuzi uwe wa sauti moja. Mmoja akipinga, filamu zote zinaonyeshwa upya.

Sasa, juu ya ukuta ule mweupe kulikuwa na ufa, na ndani ya ufa aliishi Pimbi. Mdogo, mwepesi, hana mkia, hana subira. Ufa wake uliwatazama watazamaji. Filamu zilipita chini ya miguu yake, naye hakuziona hata moja. Aliona nyuso.

Mwaka wa kwanza aliona nyuso zikicheka filamu ya Pundamilia, akasema kwa sauti, "Huyu atashinda!" Akashinda. Mwaka wa pili akasema, "Korongo!" Ikawa Korongo. Weee! Jina likamkaa: Pimbi Mtabiri. Wale wakubwa waliokuwa wakimwambia "Ondoka hapo, wewe panya!" sasa walimsimamisha njiani. "Habari za asubuhi, Bwana Mtabiri? Nyumbani hawajambo?"

Mwaka wa tatu akagundua jambo. Wahakiki walikuwa wakija sinema na shibe ya mchana. Filamu ikianza tu, khrrr! Simba. Khooo! Kiboko. Kifaru alilala macho wazi, mjanja yule. Kisha, kabla ya siku ya tuzo, kila mmoja alimjia Pimbi kwa siri, akipitia njia yake.

"Mtabiri, msimu huu unaonaje?"

Pimbi akitaja jina, wote wanne walikwenda kulitaja jina hilohilo, kila mmoja akidhani wenzake wamelifikiria wenyewe. Kumbe hakuwa anatabiri tena. Alikuwa anachagua!

Pimbi alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye mwamba. Kisha akakasirika. Miaka yote hiyo ananyenyekewa na watu wanaokoroma!

Nje ya pango, kwenye mti wa mtopetope wa mlangoni, aliishi jirani yake, Mzee Kinyonga. Huyu alitengeneza filamu. Misimu mitatu ya mvua alikusanya mabawa, anakula kumbikumbi mmoja, anaweka mabawa yake pembeni, anakula mwingine. Hatua moja leo, hatua moja kesho. Na alikuwa amezeeka. Mguu ukiinuka ulitetemeka hewani kabla ya kukubali kushuka.

"Mjukuu wangu," alimwambia Pimbi, "filamu yangu ni ya kile kisima kilichochimbwa mwaka wa kiangazi kikubwa."

"Mwaka aliokufa mama," Pimbi akasema.

"Mwaka huohuo. Wewe ulikuwa mchanga mno. Unamkumbuka?"

"Nakumbuka harufu yake. Sura, hapana."

Kinyonga aligeuza jicho moja kwake, jingine likabaki kwenye majani. "Shuka siku moja kutoka huko juu, ukae mbele, uitazame."

"Nitakutabiria ushindi, Mzee! Nikitaja jina lako tu..."

"Thubutu! Sitaki ushindi wa kunong'onezwa. Nataka uitazame. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee. Kesho."

Filamu ya Kinyonga ikaonyeshwa mara ya kwanza. Pimbi alikuwa ufani, anahesabu miguno ya Kiboko. Ikaonyeshwa mara ya pili. Pimbi alikuwa ufani, anamwiga Kifaru alivyolala, peke yake anacheka. Ikaonyeshwa mara ya tatu. Kila jioni Kinyonga aliuliza, "Uliitazama?" Na kila jioni jibu lilikuwa, "Kesho, Mzee, wallahi kesho."

Siku ya uteuzi ikafika. Wahakiki waliteua filamu tatu zilizowalaza vizuri kuliko zote. Ya kwanza ilikuwa ya Tumbili, anajitazama kwenye kioo. Ya pili ni 'Mbio', ya Ngiri. Nitawasimulia yote sasa hivi: Ngiri anakimbia. Anasimama, amesahau anamkimbia nani. Anakimbia tena. Anasimama. Hivyo hivyo, muda wa saa mbili! Ya tatu ilikuwa 'Kisima', ya Kinyonga.

Pimbi akasugua mikono. "Haya! Mwaka huu nitawapa Ngiri. Watamsifu Ngiri mbele ya umma, nami nitawauliza filamu inasemaje. Watajikanyaga! Uamuzi utafutwa, filamu zitaonyeshwa upya, safari hii wakiwa macho, na Mzee Kinyonga atashinda kwa haki."

Ulikuwa mpango mzuri, sikatai.

Simba akaja. "Mtabiri?" "Ngiri, mheshimiwa." Kiboko akaja. "Ngiri." Kifaru akaja. "Ngiri, tena kwa mbali!"

Wa mwisho alikuja Bi Tembo. Alisimama, anapekua vumbi kwa mkonga.

"Mwanangu Mtabiri, mimi siku ile sikulala. Nilikuwa na jino linaniuma. Nikaitazama ile ya Kinyonga." Akavuta pumzi. "Nililia. Lakini peke yangu nitasemaje? Wenzangu wanaonaje?"

Hapo Pimbi akaona njia fupi. Neno moja tu! Bi Tembo angepinga, filamu zingeonyeshwa upya, mambo yangekwisha kimyakimya. Lakini kimyakimya hakuna anayecheka. Hakuna anayepiga makofi.

"Ngiri, Bi Tembo," akasema.

"Haya," Bi Tembo akajibu. "Labda ni hili jino tu." Akaondoka, masikio yameanguka.

Siku ya tuzo pango lilijaa mpaka nje. Nyegere alikuwa mlangoni na chungu chake juu ya mafiga, nta inachemka, buku-buku-buku. Pango lote lilinukia asali.

Simba akasimama. "Kwa sauti moja! Mshindi wa msimu huu ni 'Mbio', ya Bwana Ngiri! Filamu iliyotikisa mioyo yetu!"

"Ina kina," akasema Kifaru.

"Mimi machozi yalinitoka," akasema Kiboko.

Bi Tembo akashika shavu la jino lake.

"Mheshimiwa Kiboko!" Sauti ilitoka ufani. Wote wakatazama juu. Pimbi alikuwa amesimama kwa miguu miwili. "Samahani, machozi yalikutoka wapi? Mwanzo au mwisho?"

"Ee... mwisho. Pale anapofika nyumbani kwake salama."

Ngiri mwenyewe akainua kichwa. "Lakini mimi sifiki nyumbani. Nilisahau nyumbani ni wapi."

Kwa-kwa-kwa! Kanga wote wakaanguka. Pango likalipuka vicheko.

Hapo, wanangu, Pimbi angesema: "Walilala! Futeni uamuzi!" Maneno matatu manne, basi. Lakini alisikia vile vicheko. Tangu azaliwe hakuwahi kuchekewa vizuri namna ile.

"Ongeza, Pimbi! Ongeza!"

"Ngojeni, ngojeni! Bwana Kifaru, nawe ulimpenda nani zaidi?"

"Nilimpenda... nilimpenda mama yake Ngiri. Alicheza vizuri sana yule mama."

"Mama yangu yumo?" Ngiri akauliza, anaangaza huku na huku. "Yuko wapi?"

Kwa-kwa-kwa-kwa! Sungura alilia kwa kucheka. Hata Tumbili aliyeshindwa alikuwa chini.

"Swali moja tu la mwisho!" Pimbi akaruka ukingoni. "Mheshimiwa mwenyekiti! Filamu yenyewe ilikuwa na Ngiri wangapi?"

Simba alifungua kinywa, akafumba. Akawatazama wenzake. "Sita," akasema.

Nani angesikika tena? Watu waligaragara. Na katikati ya kelele zile, Pimbi akasikia sauti ndogo.

Shhhhh.

Akageuka. Nyegere alikuwa ameinamisha chungu juu ya mabawa ya Ngiri.

"Nyegere! Subiri! Subiri!"

"Nisubiri nini?" Nyegere hakuinua hata macho. "Mwenyekiti ametaja jina, mimi namimina. Nilikungoja useme neno, wewe unauliza maswali."

"Irudishe chunguni!"

"Nta iliyomiminwa? Njoo wewe uirudishe, nione."

Chungu kilikuwa kitupu. Tone la mwisho lilianguka, likaganda.

Wahakiki wakatoka nje mmoja mmoja, Simba akiwa wa kwanza, na tangu siku ile hawakukalia tena benchi la mbele. Umma ulimshusha Pimbi kutoka ufani, ukambeba begani. "Mtabiri! Mtabiri! Umewaweza!" Kweli, aliwaweza. Mdogo yule aliwashinda wanne wenye pembe, meno na mkonga. Lakini alipozungushwa juu juu, alimwona Mzee Kinyonga mlangoni, mguu umeinuka hewani, unatetemeka, haujui pa kushuka.

Pimbi akajinasua, akamkimbilia.

"Mzee, nilitaka... Nilikuwa nimepanga..."

"Najua ulichopanga. Una akili nyingi, mjukuu wangu." Macho yote mawili yalikuwa kwake sasa, jambo ambalo kwa kinyonga ni nadra. "Filamu yangu uliitazama?"

Pimbi akatazama juu, kwenye ufa wake. 

"Imebaki na nguvu ya mara moja," Kinyonga akasema. "Njoo kesho saa nane. Ukisema tena kesho, mimi sitakuwa na kesho ya kukupa."

Siku ya pili pango lilikuwa tupu. Pimbi alikaa kwenye benchi la mbele, miguu yake haifiki chini. Mara ya kwanza maishani mwake aliutazama ukuta mweupe kwa mbele. Jua likaingia tunduni. Mzee Kinyonga akavuta uzi polepole. Fyuu, fyuu, fyuu.

Ukutani kukatokea ardhi iliyopasuka. Kukatokea wanyama wadogo, wamepanga mstari, wanachimba kwa kucha. Digidigi. Panya. Kobe. Na mbele yao wote, ndani ya shimo, pimbi mmoja wa kike, mgongo kwa watazamaji, anachimba, anachimba, udongo unaruka juu ya mabega yake. Ukingoni mwa shimo, kwenye kitambaa, kuna kitoto kimelala.

Pimbi akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Pale chini ya miguu yake! Mara tatu mama yake alikuwa amepita pale, chini ya miguu yake, yeye akimtazama Kiboko anakoroma.

Maji yakatoka shimoni. Yule pimbi wa kike akayateka kwa viganja. Akasimama. Akaanza kugeuka, taratibu, kuelekea kwenye kile kitoto, kuelekea mbele. Likaonekana sikio. Likaonekana shavu, limepakaa tope.

Kach!

Bawa likapasuka. Likafuata jingine. Kach, kach, kach, mpaka mwisho wa uzi. Vumbi jepesi likaelea kwenye mwali wa jua, na ukuta ukabaki mweupe.

"Mzee!" Pimbi alipiga kelele. "Mzee, alikuwa anageuka!"

"Aligeuka," Kinyonga akasema. "Alikutazama. Alikuwa anacheka."

"Anafanana na nani? Niambie, Mzee, anafananaje?"

Mzee Kinyonga alikunja uzi mtupu. Kisha akatikisa kichwa. "Kama ningeweza kusema kwa mdomo, mjukuu wangu, nisingekusanya mabawa misimu mitatu."

Kabla mvua hazijarudi, mtopetope wa mlangoni ulikuwa hauna mtu. Filamu ya Ngiri ipo mpaka leo, inang'aa kwa nta. Kila mwaka inaonyeshwa, na Pimbi hushuka kutoka ufani, akakaa mbele, akaitazama yote saa mbili nzima, Ngiri anakimbia, Ngiri anasimama, Ngiri amesahau. Wakimwomba atabiri msimu unaokuja, huwaonyesha tu ule ukuta mweupe.

Basi, wanangu: ukweli ukiwa mkononi mwako, useme papo hapo, kwa maana ukiuchelewesha ili ushangiliwe, atakayeumia ni yule uliyetaka kumwokoa.