Nyumba ya Cenning Iliyopanda Kilima

Hapo zamani, enzi ambazo nyumba nazo zilijua kutembea, palikuwa na kijiji kiitwacho Cappasalo, katika kisiwa cha Sulawesi kule Indonesia, nchi ya Wabugi. Sogeeni kwanza niwaonyeshe kijiji kilivyokaa, maana nimewaletea kesi, na asiyejua mahali hawezi kuamua ya watu wake.

Cappasalo kilikuwa kidogo. Nyumba arobaini na moja, zote za mbao, zote juu ya nguzo ndefu: kuku chini, watu juu. Wenyeji walifuma hariri. Ukipita hapo asubuhi husikii jogoo, unasikia vitanda vya mfumi tu, tak, tak, tak, hadi ukifika kwako bado unavisikia. Mbele ya kijiji palikuwa na ziwa, na ziwani waliishi watu wa Wiring, wavuvi wa nyumba zinazoelea, waliozoea kuitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, basi hata salamu ya kawaida walikupigia ukelele. Nyuma ya kijiji palikuwa na kilima, na huko waliishi watu wa Bulu, wakulima wa mahindi, wabishi kweli lakini mkono wazi. Kandokando ya njia ya sokoni waliishi wafinyanzi wa Tanacella. Hao ukitaka kuwatambua uwatazame kucha: nyekundu mwaka mzima.

Sasa, nyumba iliyokuwa karibu na maji kuliko zote ilikuwa ya Cenning. Cenning alikuwa mjane, fundi wa hariri, mpole, mtu wa kusema "samahani" hata akikanyagwa yeye. Aliishi na mama yake mzazi, Nene Maipa. "Nene" ndiyo bibi kwa lugha ya kule, na bibi huyu alikuwa mdogo kama kuku wa kienyeji, lakini ulimi wake ulitosha kwa watu sita.

Kila msimu wa mvua ziwa lilimega kipande cha ufuko. Mwaka huo maji yakafika ngazi ya tatu ya nyumba ya Cenning. Mvua nyingine kubwa moja tu, basi nyumba ingeenda zake.

Mtasema, si aibomoe akaijenge kwingine? Thubutu! Kwa watu wale kila nyumba ina kitovu. Ni nguzo ya katikati, ile inayosimamishwa kabla ya nyingine zote. Ukiing'oa nguzo hiyo umeiua nyumba. Kwa hiyo nyumba haibomolewi. Inabebwa nzima nzima mabegani, na vijiji vyote vya jirani huitwa kuja kubeba.

Cenning akawaita waje kuipandisha nyumba yake kilimani. Usiku hakupata usingizi, akawaza: hivi watakuja kweli kwa ajili yangu, mjane nisiye na kaka wala mtoto wa kiume? Alfajiri akaamka, akaweka kiganja juu ya nguzo ya kitovu, akaapa mbele ya majirani:

"Yule ambaye bila yeye nyumba hii isingefika kilimani, huyo ndiye atakayevaa saruni yangu nyekundu, na ndiye atakayeegemea kitovu kwenye mlo wa kwanza."

Watu wakashika midomo. Saruni ile, nguo ya kujifunga kiunoni, kila mtu aliijua. Hariri yake ilitoka kwa viwavi wa mwisho aliowafuga marehemu mume wake, na Cenning aliifuma miezi saba, nyekundu ya pilipili iliyoiva, yenye mistari ya radi. Hakuwahi kuivaa, hakutaka kuiuza. Tena kiapo cha kwenye kitovu si cha mchezo: mpaka kitimizwe, moto hauwashwi ndani ya nyumba hiyo na hakuna anayelala humo. Cenning aliona ni jambo jepesi. Mtu mmoja atang'ara, atampa, basi. Maskini, alikuwa amejifunga kamba mwenyewe.

Wakaja. Wakaja wa Wiring wakipiga kelele, wakaja wa Tanacella na kucha zao, wakaja wa Bulu wakibishana. Wanaume mia na ishirini. Vyombo vikatolewa, magunia ya mpunga yakatolewa, mianzi mirefu ikafungwa kwenye nguzo. Kisha Cenning akasimama chini ya ngazi, akauliza mara tatu kama desturi inavyotaka:

"Kuna mtu ndani? Kuna mtu ndani? Kuna mtu ndani?"

Kimya. Ngazi ikaondolewa.

Njia ya kupanda ilikuwa moja tu, na katikati yake palikuwa na shamba la Becce wa Bulu, mahindi yamebakiza wiki tatu tu kukomaa. Cenning, aliyetangulia kuikagua njia, alipolifikia akashika kichwa. Alikuwa amesahau kuomba! Hofu yote aliyokuwa nayo usiku ilikuwa ya watu, hakuwaza mahindi hata kidogo. Na Becce huyo hapo, amesimama na panga.

"Dada Becce," Cenning akasema, "samahani..."

"Samahani ya nini? Nyumba itapita juu ya mahindi au niyakate?" Becce akaanza kufyeka. Akafyeka mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi, mpaka njia ikafunguka upana wa nyumba. "Na haya machanga nitayapikia uji. Watu mia na ishirini hawatakula maneno."

Cenning akalia pale pale, bila kujificha. Becce akamwambia aache kulowesha kuni za uji.

Msafara ukaanza. Aliyeuongoza kwa sauti alikuwa La Tuppu wa Wiring, mvuvi mnene mwenye koo la kuitia ng'ambo ya ziwa. Kazi ya mwitaji ni kutembea kinyumenyume, uso kwa wabebaji, kwa kuwa walio chini ya nyumba hawaoni mbele. Wanaona visogo vya wenzao tu.

"Moja!" aliita La Tuppu.

"Twende!" wakaitika mia na ishirini.

"Mbili!"

"Twende!"

Nyumba ikapanda, ikilia kiiii, kiiii. Ilipendeza, jamani! Na La Tuppu kwa kunogewa akaongeza mwendo, akatia na madaha, huku anarudi nyuma, anarudi nyuma, hatazami anakokwenda.

Mwisho wa shamba la Becce palikuwa na shimo la udongo la wafinyanzi, lenye kina cha mtu mzima. Lilichimbwa na La Sakka wa Tanacella, ambaye asubuhi hiyo alibeba kwenye kona ya mbele. Alilichimba msimu uliopita akaliacha wazi. Kisha maboga ya Becce yakatambaa juu yake, yakalifunika kwa majani mapana. Shimo likawa halionekani kabisa.

"Moja!" aliita La Tuppu, akatoweka.

Jicho moja liliona, na jicho hilo lilikuwa ndani ya nyumba tupu.

"Simameni, nyie!" Sauti ikatoka dirishani. "Shimo! Simameni!"

Watu mia na ishirini wakaganda. Hebu fikirieni wenyewe: mmebeba nyumba isiyo na mtu, halafu inawafokea. Nusu yao walitaka kuitupa wakimbie. Lakini kutoka shimoni ikasikika sauti ya La Tuppu, haijapungua hata kidogo: "Shikilieni! Hakuna kuachia! Moja, shikilieni! Mbili, shikilieni!" Wakashikilia.

Ila kusimama kwa ghafla kukavunja mwanzi wa kona ya mbele. Pah! Nyumba ikainama kuelekea shimo. Hapo La Sakka akajipenyeza chini ya nguzo, akapiga magoti, akaiweka kona nzima juu ya mgongo wake. Mishipa ya shingo ilimtoka, meno yakasagana. Akakaa hivyo mpaka mwanzi mwingine ukaletwa na kufungwa, na La Tuppu akavutwa nje amejaa udongo mwekundu, mwenyewe kama chungu kibichi.

Cenning akatazama juu dirishani. Pale alichungulia Nene Maipa, anatafuna tambuu yake.

"Indo!" Cenning akalia, maana ndivyo wanavyomwita mama. "Nilidhani uko kwa wifi! Niliuliza mara tatu!"

"Nilijikunyata darini, nikasikia zote tatu," akajibu Nene. "Niliingia nyumba hii bibi harusi, nikakuzaa wewe kwenye kitovu chake. Nikasema sitashuka ngazi zake kwa miguu yangu. Sikushuka. Mbona mmesimama? Twendeni!"

Wakazunguka shimo, wakafika juu. Nyumba ikakaa mahali pake, uso kwa ziwa, salama. Watu wakashangilia, wakakumbatiana, kucha nyekundu na magamba ya samaki na majani ya mahindi vyote pamoja. Masufuria ya Becce yalikuwa yakifuka nje: uji wa mahindi machanga, maboga, mchicha na kamba wa ziwani. Cenning alisikia furaha, akazunguka akiwashukuru. Na mawingu yakaanza kukusanyika juu ya ziwa.

"Sasa," akasema mmoja wenu, yaani mmoja wao, mtu mwenye njaa, "nani anavaa saruni, tule?"

Cenning akaitoa saruni, akaikunja juu ya mkono. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

La Tuppu akajitokeza, udongo unamdondoka. "Daeng Tuppu amekosea nini?" akaanza, anajiita mwenyewe kwa heshima kwa kuwa wengine walichelewa kumwita. "Nimewaita kutoka ziwani hadi hapa. Nimeanguka, sikunyamaza. Ningenyamaza pale shimoni mngeitupa. Bila sauti yangu, nyumba ingekuwa wapi?"

"Shimoni!" wakaitika watu wa Wiring.

"Shimoni ulikuwa wewe," akasema Becce. "Anayetembea kinyumenyume kwa madaha bila kugeuza shingo, huyo ndiye aliyetaka kututumbukiza. Mimi nimekata mahindi yangu. Wiki tatu tu zilibaki! Watoto wangu mwaka huu watakula mihogo, nami sikulalamika, na chakula mnachokinusa ndiyo hayo hayo mahindi. Bila njia yangu, nyumba ingekuwa wapi?"

"Ziwani!" wakaitika watu wa Bulu.

"Dada, na maboga je?" La Sakka alikuwa amelala kifudifudi, watu wanamkanda mgongo, akasema vivyo hivyo bila kuinuka. "Nani aliyeyaacha yakalifunika shimo? Mimi sina maneno mengi. Nimebeba kona ya nyumba peke yangu. Wengine wametoa sauti, wengine mahindi. Mimi mgongo, na sijui kama utanyooka. Bila mgongo wangu, nyumba ingekuwa wapi?"

"Kuni!" wakaitika watu wa Tanacella.

"Na shimo," akauliza La Tuppu, "lilichimbwa na panya?"

Watu wakacheka, hata La Sakka akacheka, kisha akalia "aai" kwa mgongo.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Wakachungulia mlangoni. Nene Maipa alikuwa ameketi, ameegemea nguzo ya kitovu, miguu ameinyoosha, tambuu shavuni.

"Mimi sidai," akasema. "Mimi nimekaa tu. Ila nauliza: mlipokuwa hamuoni, nani aliona?"

"Nene, wewe ulituongezea mzigo!" La Sakka akalalamika. "Nilisema kona ile ni nzito!"

"Nina uzito wa kuku, wewe. Na kuku huyo ndiye aliyeshikilia roho yako."

Hapo hata Wiring, wenye makelele, wakamgeukia Cenning.

Cenning alibaki mlangoni na saruni yake. Ampe mama yake? Watasema kazawadia damu yake, kizee aliyevunja desturi kwa kukaa kimya alipoulizwa. Ampe Becce, aliyempa chakula cha watoto wake hata kabla hajamaliza kuomba? Moyo wake ulitaka hivyo. Lakini alipomtazama La Sakka pale chini moyo ukageuka, na alipokumbuka ile sauti kutoka shimoni, imezama nzima nzima na bado inahesabu, moyo ukageuka tena. Aliwapenda wote wanne, nao ulikuwa ndio msiba wake. Msimu ujao nyumba nyingine itahitaji kuhama. Atakayenuna leo, je, ataleta bega lake siku hiyo?

"Mwanangu," Nene akamwambia polepole, si kwa ule ulimi wake wa kila siku, "uji unapoa."

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya hariri. Cenning akaikung'uta saruni, ikafunguka yote, nyekundu, mistari yake ya radi ikawaka. Akavuta pumzi. Akapiga hatua.

Alimwendea nani? Ukienda ziwani leo, watu wa Wiring wataapa kwa ukelele kuwa La Tuppu aliivaa juu ya udongo wake. Panda Bulu, watakuonyesha kamba ambayo Becce aliianikia saruni hiyo. Pita Tanacella, wanasema La Sakka aliifunga mgongoni, ikamponya. Na Cappasalo kwenyewe, ukiuliza, wanacheka tu, wanakuelekeza kwenye nyumba iliyo kilimani, kwenye nguzo ya katikati iliyong'arishwa na mgongo wa mtu. Jambo moja tu wote wanakubaliana: usiku ule mvua kubwa ilinyesha, ufuko wote ukaenda, na katika nyumba ya Cenning moto uliwaka.

Basi kiapo kilitimizwa, na mtu mmoja alivaa. Mimi nimemaliza sehemu yangu, nanyi msinitazame hivyo. Saruni ni moja, haikatwi, na uji unapoa. Aliyeita kutoka shimoni, aliyekata mahindi yake, aliyetoa mgongo, au aliyekataa kushuka akaona: je, ninyi mngekuwa Cenning, mngempa nani?